Alinunua au Alikodi?



Mhariri aliponiomba niandike juu ya jambo la kiufundi, nadhani alitarajia niwaeleze habari za umeme wa jua au namna ya kupunguza bili ya gesi wakati wa baridi. Badala yake nitawasimulia habari ya boksi la viatu lililojaa diski za gemu, na safari yake kutoka Coventry mpaka Tanga. Najua wapo watakaouliza mtu mzima, mhandisi aliyepita miaka hamsini, ana habari gani na michezo ya vijana. Nawaomba mnivumilie. Mimi mambo haya yalinikuta nikiwa msimamizi wa mirathi.

Mdogo wangu alifariki mwezi Januari 2022, ghafla, akiwa na miaka 43. Mimi nilikuja Uingereza mwaka 1993 kusomea uhandisi wa umeme. Yeye alinifuata mwaka 2001, akafanya kazi za usiku kwenye ghala la mizigo kwa karibu miaka ishirini. Mtu wa kazi za usiku hana baraza. Wenzake wanapokutana yeye yuko kitandani, na anapoamka wenzake wamelala. Baraza lake lilikuwa gemu. Ukipita kwake saa tano asubuhi unamkuta na kikombe cha chai ya tangawizi, pedi mkononi, anacheza nusu saa kabla ya kulala.

Mapenzi hayo aliyaanza utotoni. Mtaani kwetu Tanga, jirani mmoja alikuwa na mtoto wake Maskati, na mtoto huyo alileta mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, zile za kaseti. Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Zilikuwa tano tu, lakini zilizunguka mtaa mzima. Waliobahatika kuwa na mashine yao waliazima kaseti, wakabadilishana, na ugomvi ulipotokea akina mama waliamua kesi uani. Mdogo wangu alijifunza kitu pale ambacho hakukiacha hata alipokuwa mtu mzima: kila kilicho chake aliandika jina lake juu yake kwa kalamu nene.

Basi tulipomaliza mazishi na matanga, nikakaa kuandika orodha ya mali yake. Alikuwa ameacha wasia unaofuata sheria ya dini, kama tulivyokuwa tukihimizwa msikitini. Warithi walikuwa wawili, maana yeye na mkewe walishaachana: mama yetu, mwenye sudusi yake, na mwanawe wa kiume, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, anayeishi Tanga na mama yake. Mali yenyewe haikuwa kubwa. Akiba benki, gari kuukuu, zana za ufundi, simu, mashine ya gemu. Chini ya kitanda nikakuta boksi la viatu lenye diski 41, kila jalada lina jina lake. Na katika daftari lake, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, nikakuta jina la akaunti ya gemu na neno la siri.

Niliwasha mashine nikatazama. Ndani ya akaunti ile mlikuwa na gemu 112 alizonunua kwa kupakua kwenye mtandao katika miaka minane hivi. Mimi ni mtu wa hesabu, nikafungua stakabadhi zilizokuwa kwenye barua pepe zake nikajumlisha. Zilipita paundi elfu mbili na mia tatu. Zilikuwa thamani kuliko gari. Nikaziandika kwenye orodha mstari wa saba, chini ya zana.

Lakini kilichonigusa zaidi hakikuwa fedha. Mwaka 2019 mdogo wangu alikwenda likizo Tanga wiki sita, akaibeba mashine ile ndani ya sanduku. Yeye na mwanawe walikaa jioni nzima nzima wakitengeneza timu yao katika gemu moja ya mpira. Wakaiita Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wakaipa jezi, wakawapa wachezaji majina ya watu wa mtaani. Golikipa alikuwa mtoto mwenyewe. Kocha alikuwa babu. Baada ya likizo, kila Jumapili baba alikuwa akimpigia simu kumweleza timu imefikia wapi, nani kafunga, nani kaumia. Gemu ile hakuinunua kwa diski. Aliipakua.

Nikafanya nililoona ni la uaminifu. Nikaiandikia kampuni yenye duka lile, nikaambatanisha cheti cha kifo na wasia, nikaomba akaunti iandikwe kwa jina la mrithi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la adabu sana. Walitupa pole. Wakaeleza kwamba kwa mujibu wa masharti ambayo marehemu aliyakubali, akaunti ni ya mtu mmoja, haihamishwi wala hairithiwi, na kwa ajili ya usalama wameshaifunga. Jioni ile nikawasha mashine. Picha za gemu zote 112 zilikuwepo palepale, kila moja na kufuli dogo pembeni.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, stakabadhi zilikuwepo, hata neno la siri lilikuwepo. Na mali imepotea kwa habari, tena kwa barua rasmi.

Rafiki zangu wawili walinicheka. Wakasema, "Wewe nani alikutuma useme? Ungenyamaza, ukampa mtoto daftari, nani angejua?" Sikuwa na la kuwajibu. Kweli ningenyamaza, mashine ingeendelea. Lakini msimamizi wa mirathi anayeanza kazi kwa kujifanya marehemu yuko hai, mimi nilimwona haanzi vizuri. Nikamwendea mzee mmoja wa msikitini kwetu, mjuzi wa mambo ya mirathi, nikamweleza habari nzima. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: "Ndugu yako alinunua au alikodi?"

Nikamwambia, "Alinunua, mzee. Kitufe kimeandikwa nunua."

Akasema, "Sikukuuliza kitufe. Nimekuuliza mkataba."

Nikarudi nyumbani, nikasoma masharti yale toka mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyosoma mkataba wa kazi. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mteja anamiliki gemu. Anapewa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kwa nafsi yake, kwa masharti yanayoweza kubadilika. Mdogo wangu alikuwa amelipa bei ya kununua akapata haki za mpangaji. Na mpangaji akifa, watoto hawarithi nyumba. Nikachukua kalamu nikaufuta mstari wa saba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jambo hili, na nimeona si la familia yetu peke yake. Tarehe 27 Machi 2023 kampuni ya Nintendo ilifunga mauzo ya duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U. Waliokwisha kununua waliruhusiwa kuendelea kupakua vyao kwa wakati ule, lakini baadhi ya gemu ambazo hazikuwahi kutoka kwa diski wala kaseti hazikuwa na pa kununuliwa tena. Mwaka huohuo wa 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti unaosema kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena madukani. Na huko California ilipitishwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kupakua haruhusiwi kutumia neno nunua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Nilipoisoma nilimkumbuka mzee wetu. Sheria nzima imekuja kuuliza swali lake.

Sasa msije mkadhani nawaambia diski ndiyo wokovu. Ningekuwa fundi mbaya kama ningewaficha kasoro za upande wa pili.

Kwanza, diski ya siku hizi mara nyingi si gemu kamili. Diski ya mashine za kisasa hubeba gigabaiti 50, au 100 kwa aina kubwa zaidi, na ukiitia, mashine hunakili vilivyomo kwenye hifadhi yake ya ndani. Baada ya hapo diski inabaki kuwa kama ufunguo: lazima iwemo ndipo gemu ifunguke. Mara nyingi kampuni hutoa gemu ikiwa na makosa, na marekebisho yake lazima uyapakue. Zipo zilizozidi hapo. Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, diski yake ya PlayStation 5 ilikutwa na chini ya megabaiti mia moja, na vingine vyote vinatoka mtandaoni. Na Nintendo ilipotoa Switch 2 mwezi Juni 2025 ilileta kadi za gemu ambazo ndani hazina gemu. Kadi ni ufunguo tu. Unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako, lakini bila mtandao wa kupakulia haina faida kwake.

Pili, zipo gemu ambazo haziendi bila seva ya kampuni. Gemu ya magari ya The Crew ilitolewa na Ubisoft mwaka 2014, na diski zake ziliuzwa madukani. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa. Mwenye diski na aliyepakua walikuwa sawa siku ile, wote hawana kitu. Hasira ya wachezaji ndiyo iliyozaa harakati za Stop Killing Games, na mwezi Julai 2025 maombi yao kwa Umoja wa Ulaya yalikuwa yamepita saini milioni moja. Hawadai seva ziendeshwe milele. Wanachotaka ni gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka.

Tatu, diski ni kitu, na vitu huharibika. Inakwaruzika, inapotea, inaibwa, na hewa ya chumvi ya pwani haina urafiki na kitu chochote chenye tabaka la madini.

Binti yangu, mwenye miaka 24, ana hoja zake pia, na nimeona ni haki nizitaje. Amehama nyumba mara tatu toka amalize chuo. Anasema baba, mimi chumba changu kina upana wa kitanda na meza, diski nitaziweka wapi? Wakati wa punguzo ananunua gemu kwa bei ya sahani ya chipsi. Nyingi anazozipenda zimetengenezwa na watu wawili watatu ambao hawana fedha za kuchapisha diski, na bila njia ya kupakua zisingemfikia kabisa. Tena siku hizi mashine kadhaa zinauzwa bila hata tundu la diski. Nilimuuliza, "Na ukifa?" Akacheka, akasema, "Baba, nikifa hutacheza gemu zangu." Nikanyamaza, maana kwa upande wangu alisema kweli.

Lakini sisi tunaoishi huku tuna jambo ambalo yeye, aliyezaliwa huku, halioni haraka. Vitu vyetu vina pande mbili. Kila tunachonunua, nusu ya akili inauliza kitafika nyumbani au hakifiki. Sanduku la safari lina kilo 23, na ndani yake nafasi ya diski ipo siku zote. Gemu ya kupakua haiingii sandukuni. Mtoto wa Tanga anayetumia bando la simu akiambiwa apakue gigabaiti 80, hiyo ni fedha ya chakula cha nyumba nzima. Na hata fedha ikiwepo, mlango wenyewe huenda haupo. Mwaka 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170, nchi nyingi za Afrika zikiwemo, kwa sababu Sony ilitaka wachezaji wawe na akaunti yake, na huko akaunti hiyo ilikuwa haifunguliwi kihalali. Kwa diski, nauli ya mtu anayekwenda likizo inatosha.

Ndivyo tulivyofanya. Mwezi Agosti 2022 nilikwenda mwenyewe. Mashine nilifunga kwa taulo, umeme wa Tanzania ni volti 230 kama wa huku, na plagi ya Uingereza inaingia. Boksi la viatu nililibeba mkononi. Mama, Mungu amzidishie umri, alizihesabu diski moja moja kama zilivyoandikwa, 41, akasema sudusi yake anamsamehe mjukuu wake. Akaongeza kwamba makelele asiyasikie wakati wa swala.

Kijana alizipanga sakafuni. Alikuwa akipitisha kidole kwenye jina la baba yake, jalada baada ya jalada. Kisha akaniuliza lile ambalo nililiogopa toka Heathrow.

"Ba Mkubwa, Coastal yetu iko ipi?"

Nilimweleza ukweli, kwa lugha nyepesi niliyoweza. Kwamba timu ile ilikuwa kwenye gemu ambayo baba hakuwa nayo mkononi, alikuwa ameruhusiwa tu, na ruhusa imekwisha. Timu yenyewe huenda bado imo ndani ya mashine, imeandikwa mahali fulani, lakini mlango wake unafunguliwa na akaunti, na akaunti nimeifungisha mimi kwa barua yangu. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo ipo, ila haifunguki." Nikasema ndiyo. Nimejenga vituo vya umeme katika nchi tatu, na sijawahi kujiona sina kazi kama dakika ile.

Sasa miaka imepita, naye anakaribia utu uzima. Diski zimebaki 36. Mbili hazirudi, aliazima rafiki yake ambaye familia yake imehamia Arusha. Moja alibadilishana na gemu ya ngumi, akapata faida kwa maoni yake. Moja imekwaruzika mpaka basi, wakaipaka dawa ya meno kama vijana wote wanavyoamini, isipone. Na moja alimpa mtoto wa jirani siku ya harusi ya dada yake. Nilipozisikia hasara hizi niliona ni mwenendo wa mali. Ndivyo zilivyokwenda kaseti tano za yule mtoto wa Maskati.

Kwa faida ya wazazi watakaosoma haya, nitasema ninavyofanya mimi sasa, kila mtu apime mwenyewe.

Gemu ya kumpa mtu, ya kumpelekea mtu, au ambayo mtoto ataikumbuka, nanunua diski, na kwanza nageuza jalada nisome nyuma. Kama limeandikwa kwamba mtandao ni lazima, au kwamba ndani mna ufunguo tu, nairudisha rafuni. Mitumba ya diski haina aibu, ni nusu ya bei na inafanya kazi ileile.

Gemu ya kucheza mwezi mmoja na kuisahau, napakua, lakini nalipa bei ya kukodi. Wakati wa punguzo, basi. Atakayeniambia nilipe paundi sabini kwa ruhusa, namwachia mwenye haraka.

Kwa wanaotumia kompyuta, yapo maduka kama GOG yanayouza gemu zisizo na kufuli. Unapakua faili ya kusakinisha, unaihifadhi kwenye diski yako ya nje, na duka likifungwa kesho faili bado ni yako.

Na mwisho, unapoandika wasia, ziandike akaunti zako kwenye ukurasa wake, usome masharti ya kila moja ukiwa hai, uwaambie watu wako kipi ni mali na kipi ni ruhusa. Msimwachie msimamizi wenu agundue kwa barua, kama nilivyogundua mimi.

Jumapili iliyopita kijana alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia amepata mtumba wa gemu ya mpira, diski, toleo la zamani, kwa mtu wa Ngamiani. Ameanza kutengeneza Coastal upya. Nikamuuliza golikipa nani safari hii. Akasema golikipa ni baba, yeye mwenyewe amehamia mbele. Kisha akaniomba nikienda tena nimletee kalamu nene, ile aliyokuwa akitumia baba, isiyofutika.

Wasalaam.